Ndege ni mpya, mbona haina injini? Jibu kwa msomaji wa Mwanza

Swali: "Shikamoo mhandisi. Nipo Mwanza, nasafiri mara kwa mara kwenda Dar kwa biashara. Mwaka 2022 tuliambiwa Airbus za shirika letu la ndege, ATCL, zimeegeshwa kwa sababu ya injini, na mpaka leo nasikia mashirika mengine nayo yanalia kilio hichohicho. Injini ya Hiace yangu ilipokufa nilinunua nyingine wiki ileile, fundi akafunga, gari likarudi barabarani. Ndege ya mabilioni, tena mpya, inashindikanaje? Kwa nini wasichukue injini ya kampuni nyingine? Airbus mbona hawalipi? Na ndege iliyolala chini miezi yote hiyo, ikirudi ni salama kuipanda?"

Marahaba. Maswali yako ni manne, lakini la Hiace ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo naanza nalo.

Injini za Hiace zipo tele, na zile zilizotumika zinashuka bandarini kwa makontena. Fundi wako aliangalia kama sehemu za kufungia zinaingiana, akafunga, kazi ikaisha. Hakuna aliyemuuliza injini ile ilitoka gari gani, imekimbia kilomita ngapi, wala nani aliigusa kabla yake. Kwenye ndege hayo ndiyo maswali ya kwanza. Kila diski inayozunguka ndani ya injini ina namba yake na kumbukumbu yake, na kila safari ya kupaa na kutua inaandikwa. Ikifika idadi iliyowekwa na mtengenezaji inatolewa, hata kama inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Na kipuri ambacho kumbukumbu zake zimepotea hakifungwi. Nimeona vipuri vizuri kabisa vikigeuka vyuma chakavu kwa sababu ya karatasi moja tu.

Jambo la pili ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba Airbus hawatengenezi injini, na Boeing vilevile. Mwili wa ndege unatoka kwa mmoja, injini zinatoka kwa mwingine, na mkataba wa kuzihudumia injini hizo shirika linausaini na huyo mwingine. Nao hao wa injini ni wachache mno. Kwa ndege kubwa za abiria, karibu zote zinaangukia kwa Pratt & Whitney na GE Aerospace za Marekani, Rolls-Royce ya Uingereza, na Safran ya Ufaransa, ambayo tangu 1974 ina ubia na GE unaoitwa CFM International. China wameunda ndege yao, C919, iliyoanza kubeba abiria wa kulipa Mei 2023. Chini ya mbawa zake imefungwa injini ya CFM. Taifa lenye fedha na subira linaweza kujifunza kuunda mwili wa ndege. Injini ndiyo inayowashinda wengi.

Sasa tuje kwenye A220, maana ndiyo aina ya Airbus za ATCL ulizosikia zimeegeshwa.

Ndege hii haikuzaliwa Airbus. Ni mtoto wa Bombardier ya Canada, iliyoitangaza mwaka 2008 kwa jina la C Series. Bombardier walijua kwamba wakileta ndege ya kawaida wakubwa wawili, Airbus na Boeing, watawameza, kwa hiyo wakaweka turufu yao kwenye injini mpya kabisa ya Pratt & Whitney. Ndege ikachelewa, gharama zikapanda. Kisha mwaka 2017 Boeing wakawashtaki huko Marekani kwa kuuza kwa bei ya kutupa, na Wizara ya Biashara ya huko ikapendekeza ushuru wa karibu asilimia 300. Januari 2018 tume ya biashara ya Marekani ikaitupa kesi kwa kura 4 kwa 0, lakini Bombardier walikuwa wameshachoka. Julai 2018 Airbus wakachukua zaidi ya nusu ya mradi kwa dola moja. Umesoma sawasawa, dola moja. Ndege ikabatizwa A220, na Desemba mwaka huohuo ATCL ikapokea ya kwanza, ikawa shirika la kwanza la Afrika kuirusha.

Injini ya A220 ni moja tu, Pratt & Whitney PW1500G. Hakuna ya pili. Ili kufunga injini ya kampuni nyingine ungehitaji kubuni upya nguzo inayoishika chini ya bawa, ganda linaloifunika, mabomba ya mafuta na hewa, na programu za kompyuta zinazozungumza nayo, kisha urushe ndege ya majaribio mpaka mamlaka za usalama wa anga zitoe cheti kipya. Hiyo ni kazi ya miaka na mabilioni ya dola, na haifanywi kwa ajili ya mteja mmoja. Boeing 737 MAX nayo ina injini moja tu, ya CFM. Airbus A320neo inakuja na chaguo mbili, lakini unachagua siku ya kununua; ukishachagua Pratt, ndege hiyo itakufa na Pratt. Kwa hiyo swali lako la kwa nini wasichukue ya kampuni nyingine lina jibu fupi: haipo.

Nikueleze kidogo injini yenyewe, maana ina uzuri wake. Kwenye injini za kawaida za jeti, feni kubwa ya mbele na turbini (gurudumu la mapanga linalosukumwa na hewa ya moto) inayoizungusha zimefungwa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo zinazunguka kwa kasi moja. Tatizo ni kwamba feni hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole, na turbini hufanya vizuri ikizunguka haraka. Kwa miaka mingi wahandisi waliishi na maelewano ya katikati, kila upande ukikosa kidogo. Pratt wakaweka giaboksi katikati, turbini ikazunguka karibu mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa feni. Feni ikaweza kuwa kubwa. Kwenye PW1500G, kwa kila sehemu moja ya hewa inayopita kwenye moto wa injini, sehemu 12 zinapita pembeni zikisukumwa na feni peke yake. Ndiyo maana ina sauti ya chini, na Pratt wanasema inaokoa asilimia 16 ya mafuta ukilinganisha na kizazi kilichotangulia. Kwa shirika ambalo mafuta ni moja ya gharama zake kubwa kuliko zote, hiyo si hela ndogo.

Kila mtu katika fani hii aliiogopa giaboksi. Tulidhani ndiyo itakayoleta balaa. Giaboksi imekuwa mtoto mtiifu. Matatizo yakatokea kila mahali pengine.

Mwaka 2019 ndege tatu za Swiss, shirika la Uswisi, zilipoteza injini moja angani ndani ya miezi michache. Diski ya mwanzo ya kompresa, sehemu inayobana hewa kabla ya kufika kwenye moto, ilikuwa ikitetemeka kwa namna iliyoipasua pale injini inapobanwa nguvu nyingi juu sana. Mara ya kwanza ilitokea juu ya Ufaransa, na wachunguzi wakawaomba wanavijiji wasaidie kutafuta vipande msituni. Kukawekwa mipaka ya nguvu ya injini kwenye miinuko mikubwa, programu ikabadilishwa.

Baadaye yakaja matatizo ya uchakavu, na hapa ndipo ATCL ilipoguswa. Wengi wanachanganya mambo mawili. Novemba 2022 ATCL ilipotangaza kuegesha baadhi ya A220 zake, sababu ilikuwa kwamba injini zilihitaji kutolewa na kupelekwa matengenezo mapema kuliko ilivyotarajiwa. Vipuri vya sehemu ya moto vilikuwa vinachoka kabla ya wakati. Hewa iliyo kwenye sehemu hiyo ina joto kali kuliko kiwango cha kuyeyusha metali ya bledi zenyewe, yaani mapanga madogo ya turbini. Bledi hazigeuki uji kwa sababu zimetobolewa vijitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya kuzipoza. Ukiongeza joto la uwanjani, vumbi, na hewa ya chumvi ya pwani kama ya kwetu Dar, vijitundu na rangi za kinga vinaumia haraka zaidi. Emirates, wanaoruka kutoka jangwani, wamekuwa wakigomba na watengenezaji kwa sababu hiyohiyo, tena wao ni wateja ambao simu zao zinapokelewa mara moja.

Jambo la pili lilijitokeza Julai 2023. RTX, kampuni mama ya Pratt, ilikiri kwamba unga wa metali uliotumika kutengenezea diski kati ya robo ya mwisho ya 2015 na robo ya tatu ya 2021 ulikuwa na uchafu. Diski hizo hazimiminwi kama chuma cha kawaida. Metali inayeyushwa na kupuliziwa gesi mpaka inakuwa unga laini, inashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, kisha inafinyangwa. Chembe moja ya kitu kigeni ndani yake inaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Utauliza, chembe tu? Diski ya turbini inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Bledi ikikatika, ganda la injini limejengwa kuizuia isitoke. Diski ikipasuka hakuna ganda linaloweza kuizuia. Vipande vinakata chochote kilicho mbele yao, tangi la mafuta, nyaya, kabini. Julai 1989 ndege ya DC-10 ya United ilianguka Sioux City, Marekani, na watu zaidi ya 110 wakafa, kwa sababu ya kasoro ndogo iliyojificha ndani ya diski ya feni tangu metali yake ilipoyeyushwa, takriban miaka 18 nyuma. Vipande vilikata mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayotumia mgandamizo wa mafuta kuongozea ndege. Kila mhandisi wa ndege anaifahamu ajali hiyo. Kwa hiyo Pratt waliposema diski zao zina uchafu, hakuna aliyebishana kuhusu kuzitoa. Ubishi ulikuwa ni nani atangulie.

Septemba 2023 RTX ikatoa hesabu: injini 600 hadi 700 zaidi zitolewe kwenye mbawa kati ya 2023 na 2026, wastani wa ndege 350 zilale chini katika kipindi hicho, na injini moja ikae karakana mpaka siku 300. Idadi hiyo ilihusu zaidi injini za A320neo, lakini karakana zinazozihudumia, vipuri na mafundi ni wa familia moja na ya A220. Wewe mwenye uchakavu wa kawaida unaingia foleni ileile.

Foleni hiyo ndiyo moyo wa jibu langu, kwa hiyo nivumilie.

Kiwanda kinachotengeneza diski na bledi kina wateja wa aina mbili. Kuna Airbus wanaotaka injini mpya za ndege zinazotoka kiwandani, na kuna mashirika yanayotaka vipuri vya ndege zilizolala. Diski ikienda huku, kule haiendi. Mwishoni mwa Juni 2025 Airbus walikuwa na ndege 60 zilizokamilika kila kitu isipokuwa injini, zimeegeshwa kiwandani zikisubiri. Upande wa pili mashirika yakawa yanakodi injini za akiba kwa bei ya kutisha. Ikafika mahali ndege changa za familia ya A320neo, ambazo hazijatimiza hata miaka 10, zikaanza kubomolewa kwa sababu injini zake mbili zikiuzwa au kukodishwa peke yake zinaingiza zaidi kuliko ndege nzima ikiruka. Nilipoanza kazi hii, mtu angenieleza hivyo ningemcheka.

Sasa ongeza namna biashara ya injini inavyoendeshwa. Injini mpya inauzwa kwa punguzo kubwa, mara nyingine kwa hasara. RTX wenyewe huwaambia wanahisa wao hivyo. Faida inatafutwa kwenye vipuri na matengenezo ya miaka 25 au 30 inayofuata. Rolls-Royce walirithi mtindo wa kulipisha kwa saa ya kuruka, ulioanza Uingereza mwaka 1962: shirika linalipa kiasi fulani kila saa injini inapofanya kazi, na mtengenezaji anabeba matengenezo. Mtindo huo umeenea kwa wote. Una faida yake, maana shirika linajua gharama zake mapema. Ila unamaanisha pia kwamba siku ya tatizo, anayeamua injini yako iingie karakana lini ni yuleyule aliyekuuzia, na ana mamia ya wateja wengine mlangoni.

Hapo ukubwa wa mteja unaonekana. Delta ya Marekani ina A220 nyingi na karakana yake yenyewe Atlanta iliyo kwenye mtandao wa kuhudumia injini hizi. ATCL ina A220 nne. Injini nane mbawani. Katika biashara hii watu hupiga hesabu ya akiba ya takriban injini 1 kwa kila 10, na hiyo ni kwa injini zenye tabia njema. Kwa nane, hesabu hiyo haikupi hata moja kamili, na ndege moja ikilala umepoteza robo ya kikosi. Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha hasara ya ATCL imepanda mpaka shilingi bilioni 56.64, na injini za A220 zilitajwa miongoni mwa sababu. Mishahara ya marubani, bima na gharama za kukodi ndege kutoka wakala wa ndege za serikali haziegeshwi pamoja na ndege.

Usidhani ni mkosi wa Tanzania. Go First ya India iliomba ulinzi wa mufilisi Mei 2023 ikimtaja Pratt wazi. EgyptAir waliuza A220 zao zote 12. Na jirani zetu Kenya Airways, ambao Boeing 787 Dreamliner zao zinatumia injini za GE na si Pratt, mwaka 2025 waliegesha tatu kati ya tisa kwa kukosa injini, wakarudi kwenye hasara baada ya mwaka mmoja tu wa faida. Rolls-Royce nao, waliotengeneza injini za Dreamliner za ATCL, waliwahi kuwa na kesi yao ya bledi za Trent 1000 miaka ya 2017 mpaka 2019, ndege za mashirika mengi zikalala. Hakuna mtakatifu kati yao.

Kwa maoni yangu kununua A220 hakukuwa kosa. Ni ndege nzuri, ina viti 132 kwa mpangilio wa ATCL, inafaa kabisa njia kama Dar–Mwanza na safari za kikanda, na 2018 hakuna aliyejua habari ya unga. Kilichonikera ni jinsi tulivyoishangilia. Tulijadili rangi ya mkia, jina lililoandikwa ubavuni na bei ya ndege. Sikusikia mtu akiuliza injini za akiba ni ngapi, injini ikishushwa itarudi baada ya siku ngapi, na zikipita mtengenezaji analipa nini. Ndege ikilala ni maswali hayo yanayoamua nani anaumia, na majibu yake yanaandikwa kabla ya saini. Baada ya saini unabaki kuomba.

Hilo linanileta kwa Airbus. Hawalipi kwa sababu kisheria injini si yao. Anayelipa ni Pratt, na wanalipa: RTX walitenga takriban dola bilioni 3 kwa suala la unga peke yake. Lakini fidia hiyo mara nyingi haiji kama fedha taslimu. Inakuja kama punguzo kwenye bili zijazo za vipuri na matengenezo. Spirit ya Marekani, kwa mfano, ilitangaza kwamba kwa 2024 ingepata kati ya dola milioni 150 na 200 kwa njia hiyo. Huwezi kulipa mishahara kwa punguzo la vipuri. Na mikataba hii ina vifungu vya siri, ndiyo maana hata wabunge hupata shida kupata jibu lililonyooka.

La mwisho, usalama. Panda bila wasiwasi, na nikuambie kwa nini. Ndege inayolazwa haiachwi tu kama gari lililokufa nyuma ya nyumba. Ina ratiba yake kwenye kitabu cha matengenezo: mdomo wa injini na mirija ya kupima kasi inafunikwa ili nyigu wasijenge humo, mifuko ya kunyonya unyevu inawekwa, magurudumu yanazungushwa yasikae upande mmoja, mafuta yanapimwa kama yameota kuvu, mifumo inawashwa kila baada ya siku kadhaa. Ikirudi, inakaguliwa kwa orodha ndefu na mhandisi mwenye leseni ndiye anayesaini. Injini iliyotoka karakana imeshawashwa kwenye chumba cha majaribio kabla ya kupakiwa kuja huku.

Yapo mazoea ya kunyofoa vifaa kutoka ndege iliyolala na kuivalisha inayoruka. Yanaruhusiwa, mradi kila kifaa kihamie na karatasi zake, lakini yana gharama: kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili, na ndege iliyonyofolewa inazidi kuwa mbali na siku ya kuruka. Ukipita uwanjani ukaona ndege imekosa injini na vifuniko vimening'inia, haimaanishi imetupwa. Inawezekana injini yake iko mbawani mwa ile unayoipanda kwenda Dar asubuhi hiyo, nayo imekaguliwa na kusainiwa kama kawaida.